Kwiri ni milisekunde nne, ombi ni sekunde tatu: muda unapotelea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaendesha mfumo wa mikopo wa SACCOS moja hapa Mwanza. Umeandikwa kwa JavaScript, kwa kutumia Node.js na Express, kanzidata ni PostgreSQL. Kila mwisho wa mwezi ukurasa wa taarifa ya mwanachama unachukua sekunde tatu na zaidi. Msimamizi wa kanzidata amenionyesha takwimu zake, na hakuna kwiri (swali ambalo programu inaiuliza kanzidata) inayozidi milisekunde 10. Bosi anataka niweke vipima muda kila mahali tunapoiita kanzidata, na mahali penyewe ni mamia. Nasikia ipo njia ya kufanya hivyo bila kugusa msimbo. Ni kweli? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Njia ipo, na kwa mfumo kama wako inawekwa mchana mmoja. Ila kabla ya kugusa chochote, malizeni kwanza ule mvutano kati yako na msimamizi wa kanzidata, maana takwimu zake ni sahihi na malalamiko ya wanachama ni sahihi pia. Yeye anapima tangu PostgreSQL inapoanza kuitekeleza kwiri hadi inapoimaliza. Mwanachama anapima tangu alipobonyeza hadi alipoona salio lake. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna mambo mengi: kusubiri muunganisho wa kwenda kwenye kanzidata uwe huru, safari ya kwenda na kurudi mtandaoni, kugeuza safu zilizorudi ziwe vitu vya JavaScript, na kazi nyingine ambazo programu inazifanya huku imeushikilia muunganisho bila kuutumia. Eneo hilo halina mwenyewe. Halimo kwenye takwimu zake wala kwenye logi zako, na ndiko muda wako unakopotelea.

Vipima muda vya mkono havitakufikisha huko. Ukizungushia kila kwiri `Date.now()` mbili, moja ya kusoma saa kabla na nyingine baada, utapata maelfu ya mistari isiyojuana. Saa nne asubuhi tarehe 30, wanachama mia wako ndani kwa wakati mmoja, na mstari unaosema "kwiri imechukua ms 6" hausemi ni ya ombi la nani, ilitanguliwa na nini, wala ilisubiri kiasi gani kabla ya kuanza. Halafu mwezi ujao mwenzako ataongeza kwiri mpya na kusahau kuipimia.

Unachohitaji ni ufuatiliaji unaofungamanisha. Ombi likiingia linapewa namba yake, na kila kazi inayofanyika kwa ajili yake inaandikwa ikiwa na namba hiyo, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na kazi iliyoizaa. Kazi moja iliyopimwa huitwa spani. Spani zote za ombi moja kwa pamoja ni treisi. Google walieleza mfumo wao wa namna hii, Dapper, mwaka 2010; Twitter wakatoa Zipkin, Uber wakatoa Jaeger, zote zana za kukusanya na kutazama treisi. Mwaka 2019 miradi miwili iliyokuwa ikishindana, OpenTracing na OpenCensus, iliungana ikawa OpenTelemetry, mkusanyiko wa zana huria za kutengeneza treisi na kuzituma. Nakushauri uanzie hapo na usihangaike na kingine. Msimbo wako haufungwi kwa muuzaji yeyote: leo unatuma treisi kwenye Jaeger iliyo kwenye seva yako, kesho ukiamua kulipia huduma ya nje, unabadilisha anwani tu.

Sasa hilo la "bila kugusa msimbo". Linawezekanaje? Ni vizuri ulielewe, kwa sababu karibu kila hitilafu utakayokutana nayo inatokana na namna linavyofanyika.

Programu yako inapoandika `require('pg')`, yaani inapoomba maktaba ya kuongea na PostgreSQL, Node inakwenda kuitafuta moduli hiyo, inaipakia, inakurudishia. OpenTelemetry inakaa njiani hapo. Moduli ikishapakiwa, kabla hujakabidhiwa, inaifunika fanksheni ya `query` ya `Client` kwa fanksheni yake. Wewe unaita `client.query(...)` kama siku zote, unachokiita kwa kweli ni kifuniko. Kifuniko kinafungua spani, kinaita `query` halisi, kinasubiri jibu au kosa, kinafunga spani, kisha kinakupa jibu lako lilelile. Namna ya kujua spani hiyo ni ya ombi lipi inatokana na `AsyncLocalStorage` ya Node yenyewe, inayobeba taarifa za ombi kupita kila `await` (mahali programu inaposubiri jibu) bila wewe kuzipokezana kwa mkono.

Kwenye Java kazi hiyo inafanywa na ejenti anayepachikwa kwa `-javaagent`, anayebadilisha baitikodi (msimbo uliokwisha kukusanywa) ya madaraja ya JDBC (njia ya Java ya kuongea na kanzidata) yanapopakiwa. Kwenye Python unaendesha `opentelemetry-bootstrap -a install`, kisha unaanzisha programu kwa `opentelemetry-instrument`. Go haina upenyo rahisi wa namna hiyo kwa kuwa programu imeshakusanywa kuwa faili moja. Wengi huifunika dereva ya `database/sql` wenyewe, kwa mistari michache. Wazo ni lilelile kila mahali.

Kwako, sakinisha vifurushi viwili, `@opentelemetry/api` na `@opentelemetry/auto-instrumentations-node`, halafu anzisha programu hivi:

```
export OTEL_SERVICE_NAME=mikopo-api
export OTEL_TRACES_EXPORTER=otlp
export OTEL_EXPORTER_OTLP_ENDPOINT=http://localhost:4318
export OTEL_NODE_ENABLED_INSTRUMENTATIONS=http,express,pg,undici
node --require @opentelemetry/auto-instrumentations-node/register app.js
```

Upande wa pili weka Jaeger kwenye kontena moja. Mlango 4318 unapokea treisi, na 16686 ni wa kutazamia kwenye kivinjari. Usiufungue huo wa 16686 kwa intaneti nzima, maana hauna nywila ya kuingilia. Jua pia kwamba ukiiendesha bila kuipa hifadhi, Jaeger inaweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda. Kontena likizimika, treisi zimekwenda. Kwa wiki ya kwanza ya uchunguzi si neno.

Ule mstari wa `ENABLED_INSTRUMENTATIONS` usiuache. Kifurushi hiki kinakuja na vifuniko vya maktaba nyingi sana, na ukiviwasha vyote treisi inajaa mambo usiyoyahitaji kiasi kwamba kwiri zako unazitafuta kwa tochi. Washa unachokitumia. Na `undici` nimeiweka kwa makusudi: `fetch` iliyo ndani ya Node haipiti kwenye moduli ya `http`, inapita `undici`. Ukiisahau, kila simu unayopiga kwenye huduma ya nje kwa `fetch` itaonekana kama kimya kitupu. Tutarudi kwenye kimya hicho.

Ukianzisha na usione spani yoyote ya kanzidata, usikimbilie kudhani mfumo mbovu. Rudi kwenye maelezo ya kifuniko na ujiulize: je, `pg` ilipakiwa kabla ya OpenTelemetry kukaa njiani? Hiyo ndiyo sababu ya kwanza kwa mbali. Mtu anaweka mistari ya OpenTelemetry ndani ya `app.js`, chini ya `require('./db')`, na wakati huo moduli imeshakabidhiwa ikiwa wazi. Ndiyo maana nimetumia `--require` kwenye amri yenyewe, itangulie kila kitu. Sababu ya pili: mradi unatumia `import` badala ya `require`. Hapo njia ya kupakia ni nyingine, na unahitaji `--import` pamoja na ndoano maalumu iliyomo ndani ya `@opentelemetry/instrumentation`, faili `hook.mjs`. Sababu ya tatu ni programu iliyofungashwa kwa esbuild au webpack: moduli zote zimeshonwa kwenye faili moja, hakuna tena `require('pg')` ya kudakwa. Iache `pg` nje ya fungasho. Na kama kuna huduma yenu nyingine inayotumia Prisma (maktaba nyingine ya kuongea na kanzidata) yenye injini yake ya Rust, hiyo haipiti kwenye `pg` kabisa. Ina kifurushi chake, `@prisma/instrumentation`.

Unapohangaika na haya, weka `OTEL_TRACES_EXPORTER=console`. Spani zinachapwa pale pale kwenye skrini, na unajua mara moja kama tatizo ni kuzitengeneza au kuzisafirisha.

Tuje kwenye kusoma, maana hapo ndipo faida ilipo na ndipo wengi wanapoishia njiani. Watu wakifungua treisi macho yanakimbilia kwenye kwiri ndefu kuliko zote. Kwa tatizo lako hilo halitasaidia. Umeshaambiwa hakuna kwiri ndefu. Nimekutengenezea mfano wa treisi moja ya ukurasa kama wako, namba zimepangwa kwa ajili ya kufundishia, lakini umbo lake ni la kawaida sana kwenye mifumo ya namna hii:

```
GET /wanachama/:id/taarifa             3,180 ms
  pg-pool.connect                      2,410 ms
  pg.query:BEGIN                           1 ms
  pg.query:SELECT  (marejesho)             4 ms
  pg.query:SELECT  (risiti)   x 62         6 ms kila moja
  pg.query:INSERT  (kumbukumbu)            3 ms
  ........ hakuna spani ........         380 ms
  pg.query:COMMIT                          3 ms
```

Anza na mstari wa pili, `pg-pool.connect`. Huo si muda wa kwiri. Ni muda ambao ombi limesimama likisubiri puli, yaani akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa ambayo maombi huazimana, ilipatie muunganisho. Kwa chaguo-msingi puli ya `pg` ina miunganisho 10, na isipopangiwa kikomo cha kusubiri inasubiri bila kuchoka, kwa sababu `connectionTimeoutMillis` huanzia 0, yaani hakuna kikomo. Robo tatu ya muda wote imekwisha kabla PostgreSQL haijasikia lolote kuhusu mwanachama huyu. Msimamizi wa kanzidata angewezaje kuuona muda huo? Asingeweza. Mteja aliye kwenye foleni nje ya ukumbi haandikwi kwenye daftari la karani aliye dirishani.

Hapa wengi wanatoa hukumu: puli ni ndogo, iongezwe hadi 100. Subiri. Foleni ni dalili tu, kinachohitaji jibu ni kwa nini walioko ndani hawatoki. Teremka kwenye treisi uone muunganisho ukishapatikana unashikiliwa muda gani: 1, na 4, na 62 mara 6 ambayo ni 372, na 3, na 380, na 3. Jumla milisekunde 763. Miunganisho 10, kila mmoja unakaliwa robo tatu ya sekunde na ushee. Maana yake puli nzima haiwezi kuhudumia zaidi ya maombi 13 hivi kwa sekunde. Katikati ya mwezi hamfiki 13, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Mwisho wa mwezi mishahara imeingia, kila mtu anataka kuona rejesho lake limeandikwa, mnavuka 13, na kuanzia hapo foleni inakua tu mpaka watu wakate tamaa. Ndiyo sababu tatizo lako lina tarehe.

Sasa zile 62. Hiyo ni kwiri moja ndani ya kitanzi: programu imechukua orodha ya marejesho ya mwanachama, kisha kwa kila rejesho imekwenda kuitafuta risiti yake. Kila moja ni nyepesi, ina faharasa nzuri, haifiki hata kwenye kizingiti cha `log_min_duration_statement`, muda ambao kwiri ikiufikia huandikwa kwenye logi. Kwenye `pg_stat_statements`, takwimu za PostgreSQL za kila kwiri, inaonekana kama kwiri bora, yenye wastani mzuri; kinachoisaliti ni safuwima ya `calls`, yaani imeitwa mara ngapi, na nani huitazama hiyo akiwa anatafuta kwiri nzito? Kwenye treisi huhitaji kutafuta. Unaona ngazi ndefu ya vipande vinavyofanana, kimoja baada ya kingine. Na katika hizo milisekunde 6 kazi halisi ya kanzidata inaweza kuwa chini ya 1. Iliyobaki ni njia. Hili lina uzito kwetu zaidi kuliko kwa walio karibu na vituo vikubwa vya data. Kama programu iko Dar es Salaam na kanzidata imekodiwa Ulaya, safari moja ya kwenda na kurudi inazidi milisekunde 100, na kitanzi hicho hicho kingekula zaidi ya sekunde sita.

Dawa yake ni kuomba risiti zote kwa mara moja:

```
SELECT * FROM risiti WHERE rejesho_id = ANY($1)
```

ukimpa `$1` orodha ya namba za marejesho. Safari 62 zinakuwa 1.

Imebaki ile nafasi tupu ya milisekunde 380, na kwangu hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwenye treisi. Kifuniko kinaona tu kile kilichofunikwa. Pasipo na spani pana kazi ambayo hakuna aliyeipima: hesabu nzito ya riba, kutengeneza PDF, au simu ya nje kwa maktaba ambayo hukuiwashia kifuniko. Mtu akiwa ameisahau `undici` ataona hivi hivi. Akiiwasha, pengo linapata jina: `POST`, kwenda kwa kampuni inayotuma SMS. Programu imefungua muamala (kundi la kazi za kanzidata linalothibitishwa lote kwa pamoja kwa `COMMIT`, au lisithibitishwe kabisa), imesoma, imeandika kwenye kumbukumbu kwamba taarifa imetolewa, imemtumia mwanachama SMS, na ndipo ikafanya `COMMIT`. Nusu ya muda wa kuukalia muunganisho, PostgreSQL haifanyi chochote. Inamsubiri mtu wa SMS ambaye haimjui.

Simu ya nje haikai ndani ya muamala. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linarudiwa kila mahali, na mfumo wa fedha unaumia mara mbili. Kwanza ni huku kuzuia miunganisho. Pili, `COMMIT` ikishindwa SMS imeshakwenda, na mwanachama ana ujumbe unaothibitisha jambo ambalo halimo kwenye vitabu. Andika nia ya kutuma SMS kwenye jedwali, ndani ya muamala huo huo, kisha mchakato mwingine usome jedwali hilo na utume. Ukishafanya hivyo na kuunganisha zile 62, muunganisho unakaliwa chini ya milisekunde 30. Puli ile ile ya 10, ambayo ilikuwa ikishindwa na maombi 13 kwa sekunde, sasa kwa hesabu hiyo hiyo inabeba mamia. Hukuongeza hata muunganisho mmoja.

Na ungeongeza ingekuwaje? `max_connections` ya PostgreSQL kwa chaguo-msingi ni 100, na kila muunganisho ni mchakato kamili kwenye seva. Nakala nne za programu zenye puli ya 30 kila moja tayari ni 120. Ungelihamisha tatizo kutoka kwako kwenda kwa msimamizi, na safari hii angekuwa na haki ya kukasirika.

Kuna mtego mmoja wa usomaji nikuonye mapema. Baadhi ya wasanidi wakiona ngazi ya kwiri 62 wanaamua kuzirusha zote kwa `Promise.all`, na kama ziko ndani ya muamala zinatumia `client` mmoja. Treisi itabadilika sura: spani 62 zinaanza kwa pamoja, ya kwanza inaisha baada ya ms 6, ya pili 12, ya mwisho 372. Mtu anaitazama ya mwisho na kusema hii kwiri ni nzito. Si nzito. `Client` wa `pg` ana foleni yake ya ndani, anatuma kwiri moja kwa wakati, na spani ilifunguliwa ulipoita `query`, si kwiri ilipotoka kwenda kwenye kanzidata. Ukiona vipande vinavyoanza mstari mmoja na kuisha kwa mteremko uliopangika, huo ni msururu. Hakuna ulichookoa.

Mambo ya kuangalia kabla hujaipeleka treisi kwenye mfumo wa wateja.

La kwanza ni siri za wanachama. Spani ya kanzidata hubeba maandishi ya kwiri. Ukitumia `$1`, `$2`, kinachoandikwa ni alama hizo, thamani zinabaki nje, na hiyo ni salama. Lakini kama kuna mahali mtu ameunganisha maandishi kwa mkono, mfano `"... WHERE simu = '" + simu + "'"`, namba ya simu ya mwanachama imeingia kwenye treisi kama ilivyo. (Mahali hapo pana tundu la kudungwa SQL vilevile, yaani mtu wa nje kupenyeza amri zake kwenye kwiri, kwa hiyo pazibwe leo, treisi au bila treisi.) Ejenti wa Java anafuta thamani na kuweka alama ya kuuliza bila kuambiwa, kwenye `pg` ya Node usitegemee hilo. Kuna pia mpangilio unaoitwa `enhancedDatabaseReporting`, ambao ukiuwasha unaziandika thamani zote za kwiri kwenye spani. Ni mtamu kwenye kompyuta yako ya kazi. Kwenye mfumo wa wateja uache umezimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haitofautishi kama namba ya NIDA imevuja kutoka kwenye kanzidata au kutoka kwenye chombo cha ufuatiliaji, na wasomaji wa Kenya wana sheria yao ya 2019 inayowabana vivyo hivyo. Ukituma treisi kwa huduma iliyo nje ya nchi, fikiri mara mbili zaidi.

La pili ni wingi. Treisi moja ya ukurasa wako ina spani karibu 70. OpenTelemetry haitumi moja moja. Inazikusanya na kuzituma kwa mafungu, kwa chaguo-msingi kila sekunde 5, hadi spani 512 kwa fungu, na foleni yake inabeba 2048. Foleni ikijaa, zinazozidi zinatupwa, na mwisho wa mwezi ndipo inapojaa. Programu yako haitasimama kwa sababu hiyo, ila utapata treisi zenye mapengo, na mapengo hayo usije ukayasoma kama lile la SMS. Watu wengi wanatatua hili kwa kuchukua sampuli, labda ombi moja kati ya kumi:

```
OTEL_TRACES_SAMPLER=parentbased_traceidratio
OTEL_TRACES_SAMPLER_ARG=0.1
```

Mimi kwako nisingeanza hivyo. Uamuzi wa sampuli hiyo unafanyika ombi linapoingia, kabla hujajua kama litakuwa la polepole, na unayoyatafuta wewe ni yale ya polepole. Chukua zote, zihifadhi siku chache. Mkikua, wekeni kikusanyaji cha OpenTelemetry katikati ya programu na hifadhi, chenye sampuli ya mwishoni: kinasubiri treisi ikamilike, kinaweka zile zenye kosa au zilizozidi sekunde moja, na kinaweka sehemu ndogo tu ya zilizobaki.

La tatu ni dogo lakini linapoteza watu siku nzima. Majina ya taarifa zinazoandikwa kwenye spani za kanzidata yalibadilishwa, na hayo mapya yakatangazwa kuwa ya kudumu mwaka 2025. `db.statement` imekuwa `db.query.text`, `db.system` imekuwa `db.system.name`. Maelekezo unayoyafuata yasipolingana na toleo la kifuniko ulilonalo, dashibodi yako itatafuta jina ambalo halipo na itakaa tupu. Kwa maktaba zinazounga mkono, `OTEL_SEMCONV_STABILITY_OPT_IN=database/dup` inaandika majina yote mawili wakati mnahama.

Mwisho, mshirikishe msimamizi wa kanzidata, asibaki mtazamaji. Kifuniko cha `pg` kina mpangilio wa `addSqlCommenterCommentToQueries`. Huu unawekwa ndani ya faili ya msimbo unapoanzisha OpenTelemetry mwenyewe, si kwa kigeu cha mazingira kama vile vya `export` hapo juu. Ukiuwasha, kila kwiri inayotoka inabandikwa maoni ya SQL yenye `traceparent`, yaani namba ya treisi na namba ya spani. PostgreSQL inayapuuza maoni hayo inapotekeleza, lakini inayahifadhi kwenye maandishi ya kwiri inayoyaonyesha kwenye logi na kwenye `pg_stat_activity`, orodha ya miunganisho iliyopo kwa sasa. Kwiri zilizoandaliwa kwa jina (zinazohifadhiwa ili zitumike tena na tena) hazibandikwi, kwa kuwa maoni yangebaki yaleyale kila zinapoitwa, yakionyesha ombi lililokwisha pita. Kwa hizo nyingine, tarehe 30 mwombe aendeshe hii:

```
SELECT pid, now() - xact_start AS muda, query
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'idle in transaction'
ORDER BY muda DESC;
```

Hapo ataona miunganisho iliyofungua muamala na kukaa bila kazi, na mbele ya kila mmoja kwiri yake ya mwisho ikiwa na namba ya treisi. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 32. Anainakili, anakutumia, unaibandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Jaeger, na wote wawili mnatazama ombi lilelile kutoka pande mbili. Mkishaondoa simu za nje kwenye miamala, mwambie aweke `idle_in_transaction_session_timeout`, sekunde 10 zinatosha kuanzia, ili muamala wowote utakaosahauliwa baadaye ukatwe na kosa lake lionekane kwenye treisi likiwa na jina la njia iliyolisababisha.